Kikohozi Kilichotembea Mgongo kwa Mgongo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto kaeni mbele, wakubwa kaeni nyuma. Na atakayetaka kulia, alie tu. Hakuna atakayemcheka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kila asubuhi na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na kilima cha mawe. Juu ya kilima hicho waliishi pimbi. Pimbi mnawajua? Wanyama wadogo, wa mviringo kama kitumbua, masikio mafupi, mkia hawana. Na pimbi wanapenda vitu viwili duniani: jua, na kubanana. Jua likitoka, wanaliota wamebanana. Mvua ikinyesha, wanaikimbia wamebanana. Pimbi akikupenda hasemi neno. Anakuja, anakuegemea.

Mmoja wao aliitwa Kidawa. Kidawa alikuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye jiwe la juu kabisa na kumtazamia Tai. Tai akionekana, Kidawa anapiga ukelele: Kwiii! Kwiii! Na pimbi wote, puru! puru! puru!, wamezama mashimoni.

Kazi ya upweke ile. Wenzake wako chini wameegemeana, yeye yuko juu anaegemea upepo. Na mwaka ule Tai alikuwa na makinda, anawinda tangu jua linapochomoza mpaka machweo. Basi Kidawa hakushuka hata kulala. Alilala peke yake katika ufa mdogo karibu na jiwe lake. Mama yake, Bi Mize, alimwita kutoka chini kila asubuhi:

"Kidawa! Umeamkaje huko juu?"

"Salama, mama! Baridi tu!"

"Pole, mwanangu!"

Siku moja Kombo, kaka yake Kidawa, alirudi safari. Alikuwa amekwenda harusini, kilima cha pili, mwendo wa kutwa nzima. Alirudi na majani matamu ya watoto. Alirudi na habari za ngoma na nani alicheza na nani. Na alirudi na kikohozi. Kidogo tu. Kho.

"Umekohoa, mwanangu," alisema Bi Mize.

"Vumbi la njiani, mama."

"Maskini. Hebu njoo."

Akamkumbatia. Wakala pamoja. Wakasimuliana, wakacheka, pua kwa pua. Wakalala pangoni kama walivyozoea, mgongo kwa mgongo, Kombo katikati, mama upande huu, mke wake upande ule. Kidawa alimsalimia kaka yake kwa sauti tu kutoka juu ya jiwe.

"Kaka! Harusi ilikuwaje?"

"Tamu! Kho. Tamu kweli!"

Siku ya pili Kombo akashikwa na homa. Siku ya tano Bi Mize: kho! kho! Siku ya sita mke wa Kombo: kho! kho! kho! Siku ya saba majirani wawili. Siku ya nane mzee mmoja aliyelala karibu na majirani hao akakohoa kutwa, na jua lilipokuchwa akanyamaza, asiamke tena.

Hapo hofu ikaingia kilimani.

Jumbe wa pimbi wale aliitwa Makame. Alikuwa mzee, ndevu nyeupe, na wajukuu wawili aliowapenda kuliko macho yake. Akawakusanya wote. Akasema:

"Ndugu zangu, nimefikiri. Ugonjwa huu umetoka bwawani. Bwawani wanakuja ngiri na matope yao. Wanakuja punda milia, hatujui walikolala. Wanakuja nyani, hatujui walichokishika. Wageni ndio wanaotuletea."

"Kweli!" wakaitika pimbi.

"Basi tusiende tena bwawani. Tuingie wote pango kubwa. Mlango tuuzibe kwa nyasi, hata upepo usipite. Tukae wenyewe kwa wenyewe mpaka balaa lipite."

"Kweli! Kweli!"

Msimcheke Jumbe Makame. Nani kati yenu akiogopa hakimbilii kwao? Nani akisikia hatari hafungi mlango? Alisema lile ambalo kila moyo ulitaka kulisikia.

"Na maji je?" akauliza Bi Mize.

"Kidawa ataleta. Yuko nje tayari. Achote kwa kibuyu, aweke mlangoni, aondoke. Lakini kwa kuwa anakwenda bwawani, ndani asiingie."

"Binti yangu unamfungia nje, Jumbe?"

"Nawalinda wengi, Bi Mize. Nisamehe."

Wakaingia. Wazima wakaingia, wagonjwa wakaingia. Nyasi zikashindiliwa mlangoni, shindi! shindi! shindi! Kidawa akabaki nje na kibuyu chake.

Kila alfajiri, kabla Tai hajaanza kuzunguka, Kidawa alishuka bwawani. Bwawa lilikuwa pana, mbingu juu yake pana zaidi, na upepo ukipita kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Mzee Ngiri alikuwa pale kila siku, matope mpaka masikioni.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba, binti. Mbona wenzako hawaonekani?"

"Wanaumwa. Wanakohoa. Wanasema ugonjwa umetoka kwenu." Kidawa akaona haya. "Huku kuna anayekohoa?"

Ngiri akafikiri. "Kwangu hakuna. Kwa punda milia hakuna. Tunakunywa, tunasalimiana, kila mtu anashika njia yake." Kisha akasema kwa upole, "Chota, binti. Pale kando maji ni safi zaidi."

Kidawa akachota. Akapanda. Akaweka kibuyu mlangoni, akarudi nyuma hatua kumi. Mkono ukatoka katikati ya nyasi, ukavuta kibuyu, ukapotea. Na kutoka ndani akasikia: kho! kho! Kho! Kho! Kho!

Huko ndani kulikuwaje? Kulikuwa na joto. Kulikuwa na giza. Pumzi zao zilipanda darini, zikawa maji, zikadondoka tena juu yao, to, to, to. Aliyekohoa alimkoholea jirani. Jirani alimwonea huruma, akamsogelea, akampangusa pua, akamfunika kwa mwili wake. Siku mbili zikapita, na jirani naye: kho!

Wagonjwa wakawa kumi.

"Kuna mahali upepo unapita!" akasema Jumbe. "Zibeni zaidi!"

Wakaziba zaidi. Shindi! shindi! Wagonjwa wakawa ishirini. Bibi mmoja akafa.

Bi Mize alikuwa amelala ukutani karibu na mlango, pumzi zinamkwama. Mwili ulikuwa dhaifu, lakini akili ilikuwa inatembea. Alikuwa akisikiliza vikohozi, kimoja kimoja, na kujua cha nani ni kipi. Asubuhi ya siku ya nne, Kidawa alipoleta maji, akasikia sauti nyembamba ikipenya nyasini.

"Kidawa."

"Mama! Hujambo?"

"Sijambo kidogo. Nijibu. Wewe unakohoa?"

"Sikohoi, mama."

"Bwawani unakwenda?"

"Kila siku."

"Unakunywa maji yake?"

"Nakunywa."

"Ngiri unamwona?"

"Ananisalimia kila siku. Hata yeye hakohoi. Hakuna anayekohoa bwawani, mama."

Kidawa akasikia pumzi yake, hrrr, hrrr, kama mtu anayeburura gunia.

"Basi si bwawani," akasema Bi Mize. "Sikiliza. Kilianza kwa Kombo. Mimi nililala mgongoni kwake, nikakipata. Mkewe alilala upande wa pili, akakipata. Aliyelala karibu na mkewe, akakipata. Tangu tumeingia humu kinatembea mgongo kwa mgongo, nakisikia kinavyokwenda. Sasa kimekaribia ukuta wa pili. Wamebaki safu mbili tu hawajakohoa, na wajukuu wa Jumbe wamo humo." Akapumzika. "Kidawa. Toa nyasi."

"Jumbe atanifukuza, mama."

"Toa nyasi, mwanangu."

Kidawa akashika nyasi. Akavuta. Akavuta tena. Fuu! Mlango ukafunguka. Mwanga ukaingia, na upepo ukaingia, fyuuu, na pimbi wakafumba macho wakalia.

"Nani huyo?" Jumbe akaja mbio, anapepesuka. "Kidawa! Unatuua!"

"Ni mimi niliyemtuma," alisema Bi Mize. Alikuwa ametoka, anatambaa kwa tumbo. Kombo, aliyekuwa amekwisha kupona, alimshika begani. "Jumbe, mtazame huyu. Yuko nje siku zote. Anakwenda kwa hao wageni siku zote. Ana kikohozi?"

Jumbe akamtazama Kidawa. Macho maangavu, pua kavu, manyoya yanang'aa.

"Sasa watazame wa ndani."

Jumbe hakutaka kugeuka. Akageuka. Mle gizani wajukuu wake wawili walikuwa wamebanwa katikati ya pimbi wawili waliokuwa wameanza tu kukohoa, na pimbi wale, maskini, walikuwa wamewakumbatia watoto ili wasipate baridi.

"Lakini nje kuna Tai," alisema Jumbe. "Tukitoka, Tai atatumaliza."

"Tai yupo," alisema Bi Mize. "Tai namjua anakotokea. Anatokea juu, na binti yangu anamwona. Hiki cha ndani hakuna anayekiona."

Mara mtoto mmoja humo ndani akapiga chafya. Jumbe Makame akaruka.

"Tokeni!" akasema. "Tokeni wote! Kila nyumba na jiwe lake! Msibanane!"

Msibanane! Mnajua ni neno zito kiasi gani kumwambia pimbi? Walitoka wakilia. Walikaa mbali mbali, kila nyumba peke yake, karibu na ufa wake. Wagonjwa waliwekwa kule upepo unakoelekea, chini ya jiwe lenye ukingo kama paa, na waliopona, Kombo wa kwanza, ndio waliowauguza.

Bi Mize akalazwa chini ya ukingo ule. Kidawa akaja akakaa hatua chache, upande ule upepo unakotoka.

"Nataka kukaa na wewe, mama."

"Najua. Nani anamtazamia Tai?"

Kidawa akatupa jicho kwenye jiwe la juu.

"Pimbi wote wako nje kwa neno langu, Kidawa. Panda."

"Mama..."

"Kombo yuko nami. Panda, mwanangu."

Kidawa akapanda. Kila hatua akitazama nyuma. Akafika juu, akakaa, akaangalia mbingu. Jua likasogea. Kwa mbali nukta nyeusi. Nukta ikawa mabawa.

"Kwiii! Kwiii! Kwiii!"

Puru! puru! puru! Kila nyumba katika ufa wake. Kombo akamvutia mama yake ndani zaidi chini ya ukingo. Tai akashuka, vuuu! Kucha zikakwaruza jiwe tupu, krrr! Akapaa. Akazunguka. Hakuondoka. Alizunguka, akazunguka, alasiri nzima.

Na Kidawa hakuweza kushuka. Alikaa, jicho moja kwa Tai, jicho moja kwa jiwe lile chini. Akamwona kaka yake ameinama kumnywesha mama maji. Akamwona anamnong'oneza. Kisha akamwona ameinamisha kichwa mpaka chini, na hakukiinua.

Kidawa akajua. Machozi yakamtoka. Akayapangusa haraka, kwa sababu machozi yanaziba macho, na Tai alikuwa bado angani.

Alishuka Tai alipokwenda kwa makinda wake. Wakamzika Bi Mize, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake, hakuna wa kumwegemea. Kwa pimbi, hakuna msiba mzito kama huo.

Siku tatu zikapita. Wakakohoa wapya wawili, waliokuwa wamekipata ndani. Siku tatu nyingine, hakuna. Tatu nyingine, hakuna. Wajukuu wa Jumbe walikuwa wanarukaruka juu ya mawe, wazima kabisa.

Lakini Kombo alikuwa hali chakula. Kidawa akamkuta amekaa nyuma ya jiwe.

"Nimemuua mama," alisema Kombo. "Mimi ndiye niliyekileta. Alinikumbatia, nikamuua."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilidhani vumbi."

"Yeye alijua?"

"Hakujua."

"Basi kaka, hakuna aliyemuua mwenzake. Ulirudi nyumbani, na mama akafurahi. Hukufanya lingine." Kidawa naye akaanza kulia. "Alikunong'oneza nini siku ile?"

"Mimi ndiye niliyemnong'oneza. Nilimwomba msamaha. Akaniuliza, 'Kidawa yuko juu?' Nikamwambia yuko. Akasema, 'Basi wamepona.'"

Jumbe Makame naye alipanda mpaka jiwe la juu, mzee yule, anahema. Akakaa hatua tatu kutoka kwa Kidawa.

"Nilikufungia nje," alisema.

"Uliogopa, Jumbe."

"Niliogopa. Nikawafungia watu wangu pamoja na kile kile nilichokiogopa." Akatazama bwawa kule chini. "Kesho nitakwenda kumwomba radhi Ngiri. Utanisindikiza?"

"Nitakusindikiza."

Walikwenda. Na Ngiri, matope mpaka masikioni, aliwaambia tu, "Poleni na msiba."

Enyi wadogo na wakubwa, neno langu ni hili. Maradhi ya kuambukiza hayaji na sura ya adui. Mara nyingi mtu huyapata nyumbani, kwa wale anaokula nao na kulala nao, ndani ya chumba kilichofungwa, pumzi kwa pumzi. Kwa hiyo akikohoa umpendaye, usimkimbie wala usimlaumu. Mpe maji, mpe maneno mazuri, lakini mpe na nafasi, na ufungue mlango upepo upite. Na mgeni wa mbali usimtwike lawama kabla hujatazama ndani kwako.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyeipenda na aichukue, na aliye na mgonjwa nyumbani amfikishie pole yangu.