Kindi na Mchana Mmoja wa Ruhusa

"Mpo?"

"Tupo!"

"Nimeuliza mpo, na nyie mnaotafuna karanga huko nyuma?"

"Tupo, tuambie!"

Haya. Zamani hizo Fisi alikuwa mfanyabiashara wa asali, na Kindi alikuwa mpanda miti wake. Kila mwaka walivuka mto kwenda nchi ya maporomoko kurina. Kindi anapanda, Kindi anarina, Kindi anateremsha. Fisi anakula. Na kila mwaka Kindi aliomba nafasi kidogo akayaone hayo maporomoko yanayosifiwa, kisha apite kwa shoga yake Pimbi, aliyekaa kwenye mawe ya kule juu. Walikua pamoja hao, wakacheza kombolela pamoja. Fisi jibu lake ni moja: "Tumekuja kazini." Basi, Kindi anafunga mizigo, anarudi, roho inamuuma.

Mwaka wa tatu wapita njia wakamwambia Kindi kuwa Pimbi anakohoa, amekonda, na mvua zijazo huenda asizione. Kindi akajua akiomba atajibiwa lile lile. Siku ya mwisho, mitungi ilipojaa, akamwendea Fisi kwa upole, akamwambia kuwa yeye mkubwa wake ndiye aliyechoka sana, aende akapunge upepo maporomokoni. Mitungi atailinda yeye Kindi, peke yake, mpaka jioni.

Fisi akaitazama mitungi. Akamtazama Kindi. Akaitazama mitungi tena, mate yakamdondoka, to, to, to.

"Mimi niende maporomokoni, wewe ubaki na asali yangu? Umeniona mjinga? Nenda wewe huko, na nisikuone hapa mpaka jua liguse kile kilima."

Kindi akanuna, akajikokota kama mtu aliyefukuzwa. Alipopita kichaka cha kwanza, chapu, chapu, chapu!

Maporomoko akayakuta yananguruma, shwaaa. Akayatazama kidogo, mkia ukalowa, akasema ni mazuri kweli, akaendelea kukimbia. Hakufuata maji yeye.

Pimbi alikuwa mlangoni, mifupa mitupu. Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Kindi akakaa mkekani, maneno ya miaka mitatu yamemjaa kifuani. Lakini Pimbi alishainuka. Mgeni wa mbali namna hii aondoke na njaa, watu watasemaje? Kindi akasema hana njaa. Pimbi hata hakumsikia, ameshashika njia ya kisimani.

Akarudi na maji, akaanza kutwanga mtama. Mchi pu, pu, pu. Kifua kho, kho, kho. Kindi akamfuata jikoni amsaidie, akarudishwa mkekani, maana mgeni hashiki mchi.

"Keti, shoga yangu. Tutaongea vizuri ukishashiba."

Kindi akakaa. Pimbi akapepeta. Kindi akakaa. Pimbi akasaga. Kindi akakaa. Pimbi akapuliza moto, na jua linateremka. Kindi akaita kutoka mkekani kumuuliza habari za ugonjwa, Pimbi akaitikia kutoka jikoni, na kikohozi kikamkata maneno.

Ugali ulipoiva, jua lilikuwa karibu kugusa kilima. Kindi alikula matonge mawili amesimama, analia. Pimbi akamfungia uliobaki kwenye jani la mgomba.

"Mwakani tutakaa," alisema Pimbi.

Kindi akaitikia kuwa watakaa. Wote wawili walijua hakuna mwakani.

Alimkuta Fisi ameshalamba mitungi yote, tumbo limemvimba kama ngoma. Biashara imekwisha. Wakashika njia ya kurudi, Fisi analia tumbo, Kindi analia shoga yake. Fisi akadhani Kindi analilia asali, akamwambia anyamaze, mwakani watarina nyingine.

Mvua zikanyesha, Pimbi hayupo. Kindi alibaki na maneno yake yote, hajatoa hata moja.

Nimefika mwisho, aliyekaa ainuke. Na fundisho, maana najua mtaniuliza. Mgeni akija mpikieni kwanza, ashibe, avimbiwe. Maongezi hayapoi, yatawangoja tu.