Kisima Kilichofunikwa kwa Heshima

Paukwa! Semeni pakawa, na anayebangua korosho aendelee kubangua. Hadithi huingia kwa masikio, si kwa vidole.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na miji na watu wakilala porini, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kisimani. Uwanja wake ulikuwa vumbi tupu, na katikati kisima kimoja. Kisima hicho alikichimba Muhanga, yule mnyama wa masikio marefu na makucha kama majembe. Alichimba usiku, kulipokucha akaenda kulala. Wenye mji walipoamka wakakuta maji, wakanywa, wasiulize. Aliyejua ni Bi Kanga peke yake, maana Bi Kanga hulala jicho moja.

Bi Kanga alikuwa mjane mwenye vifaranga saba. Kila asubuhi akiwanywesha ukingoni, akawahesabu, akaenda zake kuparura. Hakuwa na neno na mtu.

Siku moja Tembo akasimama uwanjani. "Kisima hiki alikichimba babu yangu kwa pembe zake. Mji usio na kumbukumbu ni kichaka." Akajenga mnara wa mawe upande wa mashariki, palepale Bi Kanga aliponywesha wanawe.

"Mzee Tembo, na maji je?"

"Heshima kwanza, Bi Kanga. Maji baadaye."

Bi Kanga akahamia magharibi.

Fisi naye hakulala. "Pembe gani zinazopasua mwamba? Babu yangu ndiye aliyeutafuna." Akasimamisha lango la mifupa upande wa magharibi, lango refu, lisilo na ukuta kulia wala kushoto, na mtu akilipita anatokea palepale alipokuwa.

"Mzee Fisi, na maji je?"

"Heshima kwanza, Bi Kanga. Maji baadaye."

Akaja Nyani. "Babu yangu alikaa mtini akawaelekeza wote wawili. Shimo bila msimamizi ni shimo tu." Tembo na Fisi wakaridhika, maana kila mmoja aliona babu yake amekubaliwa. Nyani akataka jukwaa, lakini nafasi iliyobaki uwanjani ilikuwa mdomo wa kisima wenyewe. Wakalaza magogo juu yake, wakakandika udongo, wakapaka chokaa.

"Mzee Nyani, na maji je?"

Mnajua alichojibiwa.

Siku ya sherehe Nyani alihutubia tangu asubuhi mpaka vivuli vikaingia chini ya miguu. Kisha akakohoa. "Nipeni maji kidogo, niendelee na habari za kisima."

Wanyama wakalitazama jukwaa.

"Tungefukua kidogo pembeni," akasema Tembo.

"Anza wewe," akasema Fisi.

"Nianze mimi, mseme nimembomoa babu wa mwenzangu?"

Hakuanza mtu. Siku ya kwanza wakalamba umande. Siku ya pili wakatafuna mizizi. Siku ya tatu kifaranga mdogo wa Bi Kanga akaangusha kichwa, shingo imelegea kama uzi uliolowa. Bi Kanga hakulia. Alikwenda nyuma ya kilima, kwenye shimo la Muhanga.

"Hodi."

"Nani huyo anabisha mchana?"

"Ni mimi, kaka. Wamekiziba kisima."

"Wamekiziba kwa nini?"

"Kwa heshima."

Muhanga akacheka mpaka akapiga chafya ya vumbi. "Nitakuchimbia kingine hapahapa. Lakini wakija na ngoma zao, mimi nitalala saa ngapi?"

"Wewe chimba. La ngoma niachie."

Muhanga akachimba, akachimba, akachimba, maji yakatoka. Kifaranga akaonja mara moja, akaonja mara ya pili, mara ya tatu akainua kichwa akamdonoa kaka yake. Hapo Bi Kanga akajua amepona.

Mji mzima ukafuata nyayo zake. Walikunywa kwanza, hilo walilikumbuka. Kisha Tembo akapangusa mdomo, akaanza kuupima ukingo kwa macho.

"Bi Kanga, mama yetu, nani aliyekichimba hiki? Tusije tukamdhulumu."

Bi Kanga akawatazama vifaranga wake, wote saba, mdomo majini.

"Mwizi," akasema. "Alikuwa anafukia mali ya watu, akakuta maji, akakimbia. Nilimwona mgongo tu. Nasubiri wa ukoo wake ajitaje."

Tembo akarudi hatua tatu. "Ukoo wetu hauchimbi. Hata jembe hatulijui."

"Babu yangu hakuwa na jino hata moja," akasema Fisi.

"Babu yangu," akasema Nyani, "aliogopa miti."

Ndiyo maana kisima cha nyuma ya kilima hakina mnara, hakina lango, hakina jukwaa. Kina maji tu. Muhanga analala mchana kutwa bila bughudha. Wageni wakifika Kisimani hupelekwa uwanjani kusimuliwa historia, na wenyeji huwashauri waje na maji yao.

Nanyi mkitaka kitu cha wote kidumu, mkinyime babu.

Hadithi yangu imeishia ukingoni. Ikiwa tamu, nimeitunga mimi. Ikiwa chungu, aliisimamia babu yake Nyani.