Gari Lililofungwa Kibwebwe

Ukiinua mgongo, funga kiuno. Ndivyo babu yenu alivyomwambia Gwakisa asubuhi hii, kisha akachukua jembe lake akaenda zake shambani bila kueleza. Gwakisa anaongeza ghorofa ya pili kwenye banda la kuku, na nguzo ni zile zile nyembamba za mwaka juzi. Sasa mmenijia wote watatu hapa jikoni mnauliza kuku na kiuno vinahusiana nini. Haya, kaeni. Atupele, endelea kumenya ndizi, masikio hayashiki kisu. Methali hii si ya wahenga wa kale. Mimi niliiona kwa macho yangu ikizaliwa, na ilizaliwa hivi.

Lakini kwanza, kitendawili!

"Tega!"

Nina mnyama wangu, akipewa mafuta anaruka kama chura, akinyimwa anatulia.

"Panzi?" Panzi anakunywa mafuta gani, Gwakisa? "Mtoto mchanga?" Karibu, lakini hapana. Nipeni mji. Mmenipa Tukuyu? Tukuyu nimekwenda, nimekula maparachichi nikashiba, nimerudi. Mnyama huyo ni gari la babu yenu.

Siku hizo Lutengano, babu yenu, alikuwa kijana mwenye pikapu moja kuukuu ya kubebea ndizi na viazi. Barabara zetu mnazijua. Mvua ikinyesha wiki moja, magurudumu yanachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta. Tumbo la pikapu likawa linakaa juu ya tuta, magurudumu yanazunguka hewani, gari linaelea kama kobe aliyepandishwa juu ya kigogo. Lutengano akachoka kusukumwa. Akaamua kuliinua gari lake.

Kwa nyuma alichonga vipande viwili vya mti mgumu, kila kimoja unene wa matofali mawili, akavipachika kati ya springi na ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili, akavikaza kwa bolti ndefu. Mbele nako akainua. Akalivisha tairi kubwa ambazo watu walisema zimetoka kwenye trekta. Basi gari likawa refu mpaka wakaliita Twiga. Kulipanda kulihitaji kigoda. Na babu yenu naye akarefuka. Akisalimiwa, alikuwa anajibu akiangalia juu ya kichwa chako.

Kwa urefu huo huo alikuja kwa baba yangu, Mzee Ambindwile, juu ya mlima Itimbwe, akasema, "Baba, Jumamosi nitaleta posa. Wazee wangu hawatapanda kwa miguu. Nitawaleta kwa gari mpaka mlangoni pako."

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Akatazama njia ya Itimbwe, ile inayosimama kama ngazi, udongo wake mwekundu unateleza hata kwa mbuzi. Akasema, "Umesema kwa gari, basi iwe kwa gari. Na desturi yetu unaijua. Posa hairudi nyuma."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu msafara wa posa ukishaanza kupanda mlima haurudi hata hatua moja. Ukirudi, mwenyewe umekataa binti, na hurudi kuomba tena mpaka mavuno mawili yapite. Mavuno mawili! Na Jumatatu yake alikuwa anakuja Anganile na posa yake, mwenye mashine ya kusaga na meno matatu ya mbele. Mbaya hakuwa. Lakini mimi nilimtaka Lutengano, pamoja na urefu wake.

Jumamosi nikasimama uani na mama, macho bondeni. Niliyoyaona niliyaona, na ambayo sikuyaona nimesimuliwa mara nyingi hadi nayaona.

Twiga akaja. Mbele kakaa mshenga, Mzee Nsajigwa, amevaa koti, shati refu, na suruali ya kuazima kwa mtu mwenye tumbo kubwa kuliko lake. Nyuma wamesimama wajomba wawili na shangazi watatu, pamoja na zawadi: vitenge, mkungu wa ndizi, ndoo ya togwa, na kinu kipya na mchi wake wa mti mgumu, zawadi ya mama yangu. Mkubwa wa shangazi alikuwa Tupokigwe, mwanamke aliyebeba mizigo kichwani tangu akiwa na miaka sita na ambaye hakumwogopa mtu yeyote aliyevaa suruali.

Robo ya kwanza ya mlima walipanda wakiimba. Robo ya pili waliacha kuimba. Walipofika katikati, kwenye kona ya mgomba, babu yenu akakanyaga mafuta kwa nguvu ili apasue tope. Mwee! Nyuma ya gari ikaanza kuruka. Du! Du! Du! Du! Wajomba wanapaa na kutua. Togwa ikatoka ndooni, ikamwagikia mjomba mkubwa kuanzia kichwani. Akiachia mafuta, linatulia. Akikanyaga, linaruka. Hata hatua moja mbele haliendi.

"Lutengano!" shangazi Tupokigwe akapiga kelele. "Umetuita kwenye posa au umetuita kututwanga?"

"Tairi zinakosa nguvu tu, shangazi! Nirudi nyuma kidogo nichukue kasi!"

"Usirudi!" Watu sita kwa sauti moja. Mimi kule juu nikasikia. Baba yangu naye alisikia, akasogea ukingoni, akakaza macho kwenye magurudumu kama mtu anayelinda mahindi yasiliwe na nyani.

Wajomba wakaruka chini wakaweka mawe nyuma ya tairi, kisha kwa kutoyaamini mawe wakaegemeza na mabega yao. Mzee Nsajigwa akatoa kichwa dirishani akasema wamwombe Mungu. Wengine wakasema waongeze mzigo nyuma, wengine waupunguze. Babu yenu akasema ataongeza mafuta zaidi.

"Ongeza," Tupokigwe akamwambia. "Lakini sisi wanawake tunashuka. Tutakutazama."

Kwa kushuka huko posa ilipona. Wote walipokuwa juu ya gari, nani angeona kilichoko chini yake? Shangazi akachuchumaa pembeni kwenye matope, akainamisha kichwa. "Kanyaga!" Babu yenu akakanyaga. Shangazi akaona. Ile ekseli ya nyuma, yenye tumbo la mviringo katikati, ilikuwa inainua pua yake juu kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Springi zinafuatana nayo, zinajikunja kama nyoka. Zikishachoka kujikunja zinafyatuka, pua inashuka, tairi zinaruka. Halafu tena. Du! Du! Du!

Shangazi akainuka, akajifuta magoti, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Lutengano, shuka. Njoo hapa mwanangu. Nikijitwika debe la maji, nafanya nini kwanza?"

"Shangazi, huu si wakati wa..."

"Nafanya nini?"

"Unajifunga kibwebwe."

"Wapi?"

"Kiunoni."

"Ehe! Na nikiongeza debe juu ya debe?"

"Unakaza zaidi."

"Basi wewe umelirefusha gari lako mgongo kama mnara, na kiuno umekiacha kinacheza ngoma! Hizo mbao zako zimelipa ekseli nafasi ya kujipinda. Nguvu yote ya injini inaishia kwenye kupinda kiuno, haifiki ardhini. Lifunge!"

Babu yenu akaingia chini ya gari. Akapapasa huku na huku, miguu tu ndiyo inaonekana. Alipotoka, mabegani hakuwa na ule urefu tena. "Shangazi, ni kweli," akasema. "Kunatakiwa mti mgumu, ukamatwe kwenye ekseli, uende mbele mpaka chini ya chuma cha fremu. Ekseli ikitaka kuinua pua, mti unagonga fremu, pua inashindwa. Lakini mti huo nitautoa wapi hapa?"

Wote wakageuka wakatazama mchi.

"Hapana," akasema Mzee Nsajigwa. "Zawadi ya mama mkwe haiingii kwenye grisi."

"Mama mkwe asipopata mkwe, mchi atamtwangia nani?" Tupokigwe akamjibu, na mchi ukashuka.

Wakaulaza chini ya gari. Urefu wake ulitosha, kama vile fundi aliyeuchonga aliota. Wakaufunga kwenye ekseli kwa kamba ya katani ya mizigo. Haikutosha. Shangazi wote watatu wakafungua khanga zao za kiunoni, zikazungushwa juu ya kamba, zikakazwa kwa mguu. Bado mchi unateleza kidogo. Wakatoa mikanda. Mjomba wa kwanza akatoa, mjomba wa pili akatoa. Shangazi akanyoosha mkono kwa mshenga.

"Mimi ndiye msemaji," Mzee Nsajigwa akalia. "Na hii suruali si yangu!"

"Utasema kwa mdomo, baba. Lete mkanda."

Babu yenu akaingia, akaweka gia namba moja, na safari hii hakukanyaga kwa hasira. Alibembeleza. Nilisikia mchi ukigonga fremu, ko! Mara moja tu. Halafu Twiga akatulia, akashika udongo, akapanda. Polepole, kama mwanamke mwenye madebe mawili. Shangazi wanatembea pembeni wakipiga vigelegele, wajomba nyuma yao wameshikilia suruali. Magurudumu hayakurudi hata unene wa kidole. Moshi na matope vikafika mlangoni kwa baba yangu kabla ya salamu.

Mama akatazama kinu. "Mchi wake uko wapi?"

"Uko kiunoni mwa gari, mama," babu yenu akajibu, akiangalia chini.

Kabla mama hajauliza zaidi, Mzee Nsajigwa akajitokeza, mkono mmoja umeshika suruali. Baba akakunja uso. "Mshenga gani huyu anayesalimia kwa mkono mmoja?"

Mnajua salamu zetu. Mzee wa watu hakuwa na njia. Akachuchumaa, akaachia suruali, akapiga makofi kwa mikono miwili, akamwamkia baba kwa heshima zote, vizuri kabisa, hakuna aliyemkosoa. Kisha akainuka. Yeye aliinuka. Suruali haikuinuka.

Mshukuruni Mungu kwa lile shati refu. Shangazi Tupokigwe akatazama suruali pale chini, akamtazama Twiga, akamtazama Lutengano. Akasema taratibu:

"Sasa nimewaona wawili kwa siku moja. Jamani, ukiinua mgongo, funga kiuno!"

Baba yangu, yule mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akaketi kwenye matope. Alipopata pumzi, alifungua mkanda wake mwenyewe akampa mshenga, na posa ikapokelewa. Anganile alikuja Jumatatu, akakaribishwa ndizi.

Wiki iliyofuata babu yenu alipunguza zile mbao, akamwomba fundi amchomelee bomba la chuma kutoka ekseli hadi kwenye fremu, na mpira mwishoni lisigonge. Twiga hakuruka tena. Wala babu yenu hajawahi tena kujibu salamu akiangalia juu ya kichwa cha mtu. Na methali ikashuka mlima peke yake. Mtu akipata cheo, anaambiwa. Akiongeza mke, anaambiwa kwa sauti kubwa.

Mchi? Ni huo Sekela alioukalia. Tazama hapo katikati, ile alama nyeusi inayozunguka. Miaka yote nimeuosha, grisi haijatoka.

Gwakisa, mbona umesimama? Unakwenda wapi na panga?

"Kukata nguzo nene, bibi. Na mbao za kukingamisha."

Haya, nenda. Kuku nao wana mgongo. Na ukiinua mgongo, mjukuu wangu, funga kiuno. Anza na hiyo kaptula yako.