Kinu Kitupu cha Bibi Nangumbi

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mmefunga? Paukwa!
PAKAWA!
Ehee, sasa mna masikio.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na kijiji cha watu waliotoka kusini. Njaa iliwahamisha. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Vyungu walibeba, mbegu walibeba, vinu walibeba. Makaburi je? Thubutu! Makaburi hayabebeki. Basi kila marehemu wakamtungia ubeti, mistari miwili tu, na mtunzi awe yule aliyempenda. Bibi Nangumbi ndiye aliyezihifadhi beti zote kichwani.

Kila mwaka mtama mpya ukiiva, Bibi hutwanga, twi! twi! twi!, huku akiwaita wafu mmoja mmoja kwa beti zao. Kisha humwaga unga kizingitini, upande wa kusini. Kabla wafu wote hawajaitwa, hakuna kuonja mtama mpya. Hata punje.

Mwaka mmoja, homa ikamchukua Likunda, mtoto wa pekee wa Somoe. Mtama ukaiva. Bibi akamwendea mama mtu.

"Mwanangu, nipe ubeti wa Likunda."

"Sina, Bibi. Nikiutunga, nitakuwa nimekubali kwamba amekufa."

Somoe akaingia ndani, akafunga mlango.

Ghalani kumebaki vumbi. Watoto wanalia njaa. Wazee wakamjia Bibi juu: "Mtungie wewe, tule!"

"Kwani mimi ndiye niliyemnyonyesha?"

"Basi tumruke, ni mtoto tu."

"Tumruke? Na wewe ukifa, tukuruke?"

Wazee wakageuka, wakaenda zao.

Bibi akajitwika kinu chake hadi uani kwa Somoe. Hakutia kitu. Akatwanga. Twi! twi! twi! Siku ya kwanza, mlango umefungwa. Siku ya pili, mlango umefungwa. Viganja vikamchubuka, maskini, bibi wa watu. Siku ya tatu mlango ukalia, kwiii!

"Bibi, unatwanga nini na kinu ni kitupu?"

"Sina cha kutia, mwanangu. Nakungoja wewe."

Somoe akakitazama kinu. "Alikuwa akikaa hapo hapo," akasema. "Anadokoa unga. Namuuliza, Likunda, umekula unga? 'Sijala, mama!' Na pua yote nyeupe!"

Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, cha kwanza tangu mazishi. Bibi akaweka mchi chini, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Hakumwambia anyamaze.

Kwikwi ilipopungua, Somoe mwenyewe akaushika mchi:

*Pua nyeupe kwa unga,*
*"Mama, sijala," apinga.*

Siku hiyo Likunda akaitwa pamoja na wafu wa kusini, na kijiji kikala.

Miaka ikapita. Bibi Nangumbi naye akafa. Watu wakaulizana nani atamtungia, maana hakuzaa. Somoe akakitoa kinu uani. Hakutia kitu. Twi! twi! twi!

*Kinu kitupu katwanga,*
*sote tukapata unga.*

Ubeti huo ukasemwa kila mtama ulipoiva. Basi nanyi nisikilizeni: mfiwa hakimbizwi, wala haachwi peke yake. Hadithi yangu naitua hapa, kama mtu anavyotua mchi. Aliyefiwa mwaka huu asogee karibu. Namngoja.