Somoe na Kufuli la Bomba

Nilikuwepo, tena nimesimama mbele kabisa, anayebisha abishe. Tajiri Hawadhi alilipiga kufuli bomba la kijiji, hupati maji mpaka umpalilie mikorosho yake. Akaja Somoe, muuza makufuli wa gulioni.

"Tajiri, nikilifungua bila ufunguo wako, bomba linarudi kwetu?"

"Linarudi! Ukishindwa, utapalilia mpaka meno yang'oke."

Somoe akamwaga funguo zake. Akajaribu wa kabati, wa sanduku, wa baiskeli, hata ule ufunguo malaya unaofungua kila kitasa. Wapi! Hawadhi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama makufuli, tazama wanaume wanavyofungua!" Akazungusha wake, ta! Kufuli likaachia.

"Hebu nilichungulie, baba'angu, nijue limenishinda nini." Somoe akaligeuza, akalipuliza, akalifuta kwa kanga, akamrudishia. "Funga mwenyewe, wasije wakasema nimelichezea."

Hawadhi akalibana, ta! Somoe akachomoa kifunguo kifuani, ta! Likafunguka. Ndoo zikagongana, vigelegele juu. Hawadhi akachomeka ufunguo wake, ukagoma kuzunguka.

"Kufuli langu limenikana!"

Lingemjibuje, nalo limelala kwenye pindo la kanga ya Somoe? Alilolibana kwa mkono wake lilikuwa pacha wa lile, la Somoe mwenyewe, na kufuli likifungwa halidai ufunguo.

Hawadhi akazimia, akamwagiwa ndoo nzima ndipo akazinduka. Haya, hapo pa kuzimia nimetia chumvi mwenyewe. Ndoo alimwagiwa kweli.