Ngwali na Kipimo cha Tetemeko

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, ambao ardhi yake ilikuwa na tabia ya kutikisika kila baada ya miaka michache, alikuwako fukara mmoja jina lake Ngwali, asiye na kitu ila ulimi wake na kibanda juu ya mwamba. Ikawa Sultani Badi amefukia kinamasi kwa mchanga, akaanza kujenga jumba la ghorofa tatu hapo, maana palikuwa tambarare na palichimbika bila jasho. Ngwali akasema sokoni, "Tetemeko likija, jumba lile litacheza kuliko kibanda changu."

Basi Sultani akamwita. "Ewe Ngwali, umeniaibisha. Nipimie hilo tetemeko ambalo halijaja, uniletee kipimo chake kabla ya Ijumaa. Ukishindwa, uhame mji huu na mkeo."

Naye mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa. Ngwali aliogopa, tusidanganyane, lakini akainama akasema, "Nimesikia, Bwana wangu. Naomba wanawake ishirini na vinu vyao, na bakuli la supu."

Siku ya Alhamisi akamketisha Sultani kwenye mwamba, akaweka bakuli limejaa pomoni juu ya kigoda mbele yake. Wanawake wakamzunguka, wakatwanga mpunga kwa nguvu zao zote. Supu ikatulia. Wakahamia kwenye kinamasi kilichofukiwa, vinu vile vile, mikono ile ile. Hawajatwanga sana, kigoda kikaanza kuyumba, na supu yote ikammwagikia Sultani mapajani.

Waziri akaangalia pembeni ili asionekane anacheka.

"Hiyo ni michi ya wanawake!" Sultani akafoka. "Tetemeko langu liko wapi?"

"Siku yake siijui, Bwana wangu, wala hukuniuliza. Uliagiza kipimo, na kipimo hicho hapo kwenye kanzu yako. Tetemeko likija litatwanga kuliko hawa, na ardhi itakuwa hii hii."

Sultani akaitazama kanzu, akalitazama jumba, mara akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea. "Kaa mjini, Ngwali, mkeo ajifungue kwa amani. Na kanzu hii nakupa wewe."

"Ahsante, Bwana wangu. Ila ingefaa zaidi kabla ya supu."

Basi jumba likahamishiwa kwenye mwamba, na Shungi yote ikafurahi, isipokuwa wachimba msingi. Hao walimlaani Ngwali miezi saba mizima.