Kwenu Kumejaa?

Paukwa!

Pakawa!

Hamjala nyinyi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo mmeitika. Sogeeni. Anayetaka ya sungura aende kwa jirani, maana yangu ya leo haichekeshi.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chini ya kilima. Kilima chenyewe hakikuwekwa na Mungu, kiliwekwa na watu. Lilikuwa jaa. Mabibi wa mabibi zao walianza kutupa taka pale, juu kidogo ya kisima, pu! pu! pu! Wajukuu nao wakaja, pu! pu! pu! Mwisho jaa likapita mapaa ya nyumba.

Kila asubuhi wanawake walipanda na mapakacha kichwani. Wakikutana njiani hawakuulizana hali. Waliulizana: "Kwenu kumejaa?"

Nawe unajibu: "Kumejaa!"

Pakacha likiwa zito, basi nyumba imeshiba. Likiwa jepesi, kwenu mnalala njaa na mume uliyenaye si mume. Tena palikuwa na mwiko: kilichotupwa jaani hakirudi. Wanaochokoa jaa ni kuku na mbwa, si mwanadamu. Wewe hapo nyuma, usicheke. Sijasema nawe bado.

Basi katika kijiji hicho akaja mwari kutoka ng'ambo ya mto, jina lake Siwatu. Aliolewa na mtoto wa pekee wa Bi Mize. Mume akishinda shamba la mbali, akirudi mwezi kwa mwezi, na nyumbani wakabaki wawili, mkwe na mkwe.

Asubuhi ya kwanza Siwatu akafagia. Fya, fya, fya! Akatafuta cha kutia pakachani. Hakuna! Maganda ya muhogo alikuwa nayo mbuzi. Machicha ya nazi walikuwa nayo kuku. Makumbi yamesokotwa kamba, vifuu vimechongwa pawa, majivu yamesuguliwa vyungu, na kiporo cha jana ndicho kilichomo tumboni mwake mwenyewe. Bi Mize akainama, akazoa konzi moja ya vumbi, akaitia ndani ya pakacha.

"Hiyo ndiyo taka yetu, mwanangu. Kapeleke."

Siwatu akapanda na konzi yake. Njiani akakutana na Bi Mwatima, mwanamke wa sauti, shingo imemlemea kwa mzigo.

"Mwari, kwenu kumejaa?"

Pakacha lilikuwa likipepea kichwani. Wanawake wakaangua kicheko, na kile kicheko kikamwingia Siwatu kama mwiba wa samaki kooni, hakitoki wala hakishuki. Alikuwa mgeni. Alitaka kuitwa shoga na wenzake, basi.

Kesho yake akakitupa kiporo. Pu! Kesho kutwa akatupa nazi na nyama yake ndani. Pu! Siku ya tatu, chungu kizima kilichomeguka mdomo tu. Pu! Akawa anaulizwa, naye anaitikia: "Kumejaa!" Wakaanza kumwita shoga.

Bi Mize aliona yote. Alikuwa akiuliza neno moja tu: "Siwatu mwanangu, nani anakula huko juu?"

Siwatu anajitwika pakacha, anatoka.

Siku zikapita, Siwatu akawa mja mzito. Bi Mize akamwonyesha kitambaa kilichotundikwa kwenye kigingi cha mlangoni, kiraka juu ya kiraka. Ilikuwa mbeleko.

"Mumeo nimemlea mgongoni kwa hii. Kabla yake niliwabeba watatu, wote wako mavani. Mtoto wako naye utambeba nayo."

"Ndiyo, mama," akasema Siwatu. Moyoni akasema: tambara hilo, kwa mwanangu?

Masika yakaingia. Mvua asubuhi, mvua jioni. Jaa likalowa, likavimba, likawa linatoa maji meusi yanayochuruzika hadi kisimani. Bi Mize akaenda kwa wazee, akawaambia, "Lile jaa linatutazama." Wakamcheka. Kizee cha konzi moja kitajua nini habari za jaa?

Asubuhi moja Bi Mize katoka kutafuta kuni. Siwatu yuko ndani, pakacha tupu, na mashoga wanamwita uani.

"Mwari! Twende! Au leo hamkula?"

Akatazama huku, akatazama huku. Mkono wake ukaenda kwenye kigingi.

Pu!

Bi Mize akarudi na kuni zake mbichi, akaona kigingi kitupu.

"Siwatu, mbeleko iko wapi?"

Siwatu akashika ufagio.

"Iko wapi, mwanangu?"

"Nimeitupa, mama."

Kuni zikamwanguka Bi Mize. "Twende basi ukanionyeshe ulipoitupa."

"Wataniona, mama."

"Watakuona unafanya nini? Unatafuta chako."

Siwatu hakuinuka. Alikuwa na miguu, alikuwa na macho, mahali alipajua, na hakuinuka. Bi Mize alimtazama kidogo, wala si kwa hasira, akashika njia peke yake mvuani.

Siwatu akasimama mlangoni. Alimwona mkwewe akipanda jaa kwa magoti. Alimwona akichokoa kwa mikono. Na akawasikia wanawake kisimani, Bi Mwatima akiwaongoza:

"Njooni muone! Bi Mize kawa kuku! Kukuku! Kukuku!"

Wakacheka. Naye Siwatu, Mungu amsamehe, aliona haya kwa ajili ya mkwewe.

Ndipo jaa likatoa sauti. Gurugurugu! Wanawake wakakimbia. Gurugurugu! Bwaaa! Jaa likashuka lote, likamfunika Bi Mize, likakifunika na kisima.

Siwatu alifika wa kwanza, na tumbo lake, akaanza kuchokoa. "Mama! Mama!" Mwiko ukaishia hapo. Kijiji kizima kikachokoa kama kuku, wazee kwa watoto. Wakafukua vyungu vizima. Wakafukua mikeka iliyohitaji ukindu mmoja tu. Bi Mwatima akafukua kinu cha marehemu mama yake, kizima kabisa, akakaa nacho chini akalia.

Alasiri wakamfikia Bi Mize. Alikwisha kufa. Mbeleko aliipata. Alikuwa ameifunga kiunoni, mafundo mawili, na waoshaji walihangaika sana kuyafungua.

Kisima hakikuonekana tena. Maji ya kumwoshea yalitoka mtoni, nusu siku kwa miguu, na mpaka leo watu wa kijiji kile huteka huko.

Siku ya saba Siwatu akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Mize. Arobaini ilipokwisha, akafagia. Fya, fya, fya. Akazoa konzi moja, akamfunga mtoto mgongoni kwa ile mbeleko ya viraka, akatoka. Njiani akakutana na Bi Mwatima. Mazoea ni mazoea, mdomo wa Bi Mwatima ukafunguka wenyewe:

"Mwari, kwenu kume..."

Akaona mbeleko. Siwatu akammalizia.

"Kumepungua," akasema.

Wakalia pale pale njiani, wote wawili. Tangu siku ile wanawake wa kijiji kile wakikutana, wa kwanza huuliza, "Kwenu kumepungua?" Wa pili hujibu, "Kumepungua," na humkumbuka Bi Mize.

Sasa nasema nawe wa nyuma, na wenzako wa mjini wanaorundika taka mpaka magari hayana pa kupita. Kabla hujasema pu!, tazama kilichomo mkononi. Huenda kuna mtu aliyekihifadhi kwa ajili yako, naye atakifuata huko huko jaani.

Hadithi nimeitua hapa. Ondokeni na mikeka yenu, na makombo msiniachie.